Injini Mpya ya Boti Kipanga

Siku ya kwanza nilipoingia karakana ya boti pale Kilifi nilikuwa nimevaa sketi, kwa sababu mama yangu alikataa katakata nitoke Kaloleni kwa suruali. Msimamizi wa karakana, Mzee Mutua, alikuwa Mkamba mrefu, si mwingi wa maneno, aliyezeekea kwenye mashine za bara kabla ya kuteremka pwani. Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia, akanitazama, akaingia stoo na kurudi na ovaroli.

"Vaa hii juu ya hiyo sketi," akasema. "Mkanda wa injini haujui wewe ni msichana. Ukishika nguo, unakuvuta na nguo yako."

Nilikuwa na cheti cha umekanika wa magari, nami nikidhani injini ni injini. Mzee Mutua alinitoa katika fikira hiyo kabla ya saa ya chai. "Gari ikizima unashuka, unasukuma," aliniambia. "Boti ikizima, Sidi, unashuka wapi?"

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, daraja la Kilifi likiwa halijajengwa na magari yakivuka kwa feri. Boti tulizivuta kutoka majini juu ya reli, kwa winchi ya mkono, watu wanne wakizungusha. Miezi yangu ya kwanza sikupewa injini kabisa. Nilikwangua kome walioganda chini ya boti, na nilifunga vipande vya zinki kando ya shafti, ule mti wa chuma unaozungusha rafadha, pangaboi inayosukuma boti majini. Zinki ni laini. Bahari huila hiyo kwanza, nawe unabadilisha zinki kila msimu na shafti yako inabaki nzima. Nilichoka, nilichubuka, na kila Jumamosi nilifikiria kurudi nyumbani nikawe mshonaji kama baba. Jumatatu nilikuwa pale tena.

Nilipokwisha kuaminiwa nikapelekwa Malindi, ambako kampuni yetu ilikuwa na kibanda cha matengenezo karibu na gati. Huko ndiko nilikokutana na Kipanga.

Kipanga ilikuwa boti ya zamani iliyoundwa kwa mashindano ya mbio: ya mbao, iliyopakwa faiba kwa nje, kifua chembamba, tezi, yaani nyuma yake, pana. Ilikuwa na injini mbili za petroli zilizokaa nyuma kabisa. Kila moja ilikuwa na kile tulichokiita mguu, yaani mashine iliyotoboa ukuta wa nyuma na kuning'inia majini na rafadha yake. Mguu ukigeuzwa, boti inageuka. Haikuwa na usukani mwingine chini ya maji. Tajiri, ndivyo tulivyomwita mwenye boti, alikuwa na nyumba ya wageni mjini, na wageni wake walipenda kufika kwenye maji makuu upesi wakavue sulisuli. Hakuna boti iliyoifikia Kipanga kwa mbio.

Nahodha wake alikuwa Nahodha Shee, mtu wa Malindi ya kale, kanzu nyeupe siku ya Ijumaa na maneno yaliyopimwa siku zote. Mdogo wake, Bakari, ndiye aliyetunza injini botini. Bakari alikuwa mcheshi. Alizisemesha zile injini kama watu wanavyosemesha punda mkaidi.

Lakini ile miguu ilikuwa imezeeka. Chumvi ilikuwa imeitafuna, mipira ya kuzuia maji ilivuja, na mabomba ya petroli yalikuwa yameanza kupasuka kwa joto. Tulibadilisha hiki, kesho kikaharibika kile. Asubuhi moja yenye joto kali, Bakari alimaliza kujaza mafuta, akageuza ufunguo. Nilikuwa gatini na kopo la grisi mkononi. Nilisikia kishindo kizito, kama gunia la mahindi limetupwa kutoka juu, kisha nikaona moto ukitoka kwenye mlango wa injini na Bakari akiruka majini huku mikono yake ikiwaka.

Aliishi, alhamdulillahi. Nahodha Shee mwenyewe ndiye aliyeuzima moto, kwa ndoo na turubai lililolowa, akilia kwa sauti bila kuona haya. Injini zote mbili zikafa. Mwili wa boti ukapona.

Wiki kadhaa baadaye tajiri alituita. Alikuwa mtu wa haki. Gharama za hospitali alizilipa zote. Lakini alikuwa mtu wa biashara pia.

"Nitanunua injini mpya mbili za petroli, kubwa kuliko zile," alisema. "Msimu unakaribia."

"Mimi petroli siipandi tena," akajibu Nahodha Shee.

"Basi itanibidi nitafute nahodha mwingine, Shee. Usinielewe vibaya."

"Nimekuelewa, bwana. Tafuta."

Mzee Mutua alikuwa amekuja kutoka Kilifi kwa ajili ya mkutano huo. Alikohoa, akasema kuna njia ya tatu: tuondoe miguu, tuzibe matundu ya nyuma, tuweke injini moja ya dizeli katikati ya boti, na shafti ya moja kwa moja. Mvuke wa dizeli haulipuki upesi kama wa petroli. Tajiri akacheka kidogo. Hakutaka boti ya mbio igeuzwe ya kubebea makaa, akasema. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe tajiri akakubali, kwa sharti moja: boti ikishika kasi ipande na kuteleza juu ya maji kama zamani kabla wageni wa kwanza hawajafika. Isipopanda, petroli inarudi, na nahodha mpya pamoja nayo.

Tulipotoka nje Mzee Mutua akaniambia, "Hiyo kazi ni yako. Mimi nitasimama nyuma yako, lakini mkono ni wako."

Kabla ya kugusa spana nilikwenda kumwona Bakari nyumbani kwao. Nilitaka kujua moto ulianzia wapi, maana pale mvuke ulipokusanyika mara ya kwanza ndipo utakapokusanyika tena. Mkewe alinikaribisha. Bakari alikuwa ameketi ukumbini, mikono imefungwa bendeji, shavu moja limeng'ara kama ngozi ya ngoma.

"Pole, kaka," nikasema.

"Nimeshapoa, Sidi. Hebu niulize ulilokuja kuuliza."

Akanieleza kila kitu. Mvuke wa petroli ni mzito, huzama chini kwenye ngama, ile sehemu ya chini kabisa maji machafu yanapotuama. Palikuwa na feni ya kuutoa, lakini ilikuwa imekufa na wageni walikuwa wanangoja. Alipomaliza akaniuliza, "Na Kipanga wataichoma?"

"Hawaichomi. Natia dizeli."

"Utaweza?"

"Nitaweza."

Sikuwa na hakika hata nusu. Lakini nilikuwa nimekwisha kulisema, tena mbele ya mikono ile.

Tukaivuta Kipanga hadi Kilifi kwa boti nyingine, tukaipandisha kwenye reli. Seremala wetu aliziba matundu ya nyuma kwa mbao ngumu na faiba tabaka juu ya tabaka. Ndani tukafunga mihimili miwili mirefu, kutoka katikati hadi nyuma, ili uzito na mtikisiko wa injini ubebwe na boti nzima, si na ubao mmoja. Tukatoboa njia ya shafti kando ya mkuku, ule uti wa mgongo wa boti. Tukaweka usukani, kwa kuwa miguu iliyokuwa ikigeuza boti haipo tena. Pale Bakari aliponielekeza, nikafungua matundu ya hewa, na feni mpya ikawekewa swichi yake mbele ya macho ya nahodha. Dizeli hailipuki upesi, lakini sikutaka kumdai Mungu zaidi ya alichokwisha kutupa.

Nahodha Shee alikifuata chombo chake Kilifi, akawa anakuja karakana kila siku. Alikaa juu ya pipa, tasbihi mkononi, akitazama. Siku moja akasema, "Mwanangu, mimi chombo hiki nakijua kwa miguu yangu. Uzito umeuondoa tezi ukauleta mbele. Kitainama."

"Nahodha, matangi ya mafuta nitayarudisha nyuma."

"Hapo umesema."

Kisha likaja suala la kulinganisha. Injini ina sahani ya chuma kwa nyuma, na shafti ina sahani yake kwa mbele. Sahani hizo hufungwa pamoja kwa boliti, na ni lazima zikutane uso kwa uso. Ukiingiza kibati chembamba cha kupimia katikati, nafasi iwe ile ile juu, chini na pande zote. Zikipishana hata unene wa karatasi, shafti itatikisika mpaka izitafune beringi zake, vile vyuma vinavyoishikilia. Nilizilinganisha pale kwenye reli. Mzee Mutua akapima, akaridhika, lakini akaonya: boti ya mbao ikiingia majini hujikunja kidogo, huwa na umbo jingine. Iachwe itulie kwanza, ndipo upime tena.

Tajiri hakuwa na nafasi ya kungoja. Alitaka kuiona ikitembea siku ile ile ya kuishusha. Ikatembea, na sakafu yote ikatetemeka hata vikombe vikaanguka. Akashuka, akaenda zake. Sisi tukaiacha Kipanga majini, tukalegeza boliti, na mbao zilipokwisha kunywa maji nikalala kifudifudi ndani ya ngama nikalinganisha upya, robo ya mzunguko wa nati kila mara. Mtikisiko ukaisha.

Jaribio la pili lilinivunja moyo zaidi. Boti ilikuwa kimya na tulivu, lakini ilikataa kupanda. Boti ya mbio ikipata kasi huinuka na kuteleza juu ya maji. Kipanga iliinua omo, ncha yake ya mbele, mbinguni, ikaburuta tezi kama punda aliyelemewa na mzigo, na moshi mweusi ukafunika mkondo mzima wa Kilifi. Injini haikufikia hata mizunguko yake ya kawaida.

Tajiri alikuwa nasi. "Fundi, umejitahidi," akaniambia, bila hasira. "Lakini wageni wangu wanaingia wiki ijayo. Petroli ziko Mombasa, zinangoja."

Nikatazama pembeni, nikamwona Nahodha Shee akivua kofia yake na kuikunja. Niliona mtu anaaga chombo chake.

"Bwana," nikasema, na sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, "injini haijashindwa. Imebebeshwa. Moshi mweusi ni mafuta yasiyopata hewa ya kutosha kuungua. Majani ya rafadha yamelala vibaya, yanauma maji mengi kuliko injini inavyoweza kusukuma. Na matangi nimeyarudisha nyuma mno. Nipe mpaka wageni wako wafike."

Akamtazama Mzee Mutua. Mzee Mutua akasema, "Hata mimi ningeomba hivyo."

"Mpaka wafike," akasema tajiri. "Siongezi."

Kulipokucha tukaifungua rafadha. Mzee Mutua aliitia guniani, akaibeba mwenyewe kwenye basi hadi Mombasa, kwa fundi wa shaba aliyemjua, na hakuondoka pale mpaka majani yalipopigwa na kupunguzwa mlalo. Nami nikang'oa matangi, nikayasogeza mbele hadi Nahodha Shee, akitembea huku na huku juu ya sitaha kwa miguu mitupu, aliposema, "Hapo. Acha hapo."

Asubuhi ya jaribio la tatu, tulipokuwa tunafungua kamba, teksi ikasimama. Bakari akashuka, mkewe akimshika kiwiko. Alikuja polepole hadi ukingoni, akaitazama boti, akaanza kutokwa jasho. Nahodha Shee akamwambia, "Si lazima, ndugu yangu."

"Najua si lazima," akasema Bakari. Akaniuliza, "Sidi, feni iko wapi?"

Nikamwonyesha swichi. Akaiwasha kwa kifundo cha kidole, kwa kuwa vidole havikukunjika vizuri. Akaisikiliza muda mrefu. Kisha akaenda nyuma, akaketi pale pale moto ulipomtokea, akafumba macho. "Washa," akasema.

Nikawasha. Injini ikashika. Tukatoka mdomo wa mkondo, Nahodha Shee akasukuma mkono wa mafuta mbele taratibu, na Kipanga ikainua omo, ikasita, halafu ikajilaza juu ya maji na kukimbia. Nyuma yetu hapakuwa na moshi, ni povu jeupe tu. Nilikuwa nimeshika chuma kwa mikono yote miwili na nikicheka kama mwendawazimu. Bakari alikuwa amefumbua macho.

Tajiri alingoja mpaka tulipogeuza. "Haikimbii kama zamani," akasema.

"Naam, bwana," akajibu Nahodha Shee. "Imepungua kidogo. Lakini itakwenda, na itarudi."

Tajiri akatazama mikono ya Bakari, akatazama baharini. "Haya," akasema. "Zile za Mombasa niwaambie waziuze."

Bakari alirudi kazini msimu ule. Spana za kawaida hakuweza kuzibana, basi nikamchomelea mabomba marefu kwenye vipini akawa anazizungusha kwa kiganja. Kipanga ilivua miaka mingi.

Baada ya hapo nilifanya kazi Malindi tena, kisha Mzee Mutua alipostaafu na kurudi kwao nikaitwa Kilifi kukaa kwenye kiti chake. Nilitia dizeli katika boti nyingi, nyingine zilizo ngumu kuliko ile. Wapo wateja walionipita wakimtafuta fundi, nami nikiwa nimesimama hapo na spana. Niliwaacha watafute. Wakichoka walirudi.

Siku hizi niko nyumbani Kaloleni. Sikio la kushoto halisikii vizuri, na magoti yanakumbuka kila ngama niliyolala ndani yake. Vijana huniuliza kama sikujuta kuacha cherehani ya baba. Hapana. Kuna furaha usiyoweza kumweleza asiyeijua, ya kitu kilichokataa kikakubali kwa sababu hukuondoka.

Juzi jirani yangu Mbodze alinijia mbio. Kinu chake cha kusagia mahindi kilikuwa kimezima, foleni ya akina mama imefika barabarani. Nikaenda. Ilikuwa hewa tu iliyoingia kwenye bomba la dizeli. Mbodze akasimama kando akingoja nitengeneze. Nikampa spana.

"Mimi?" akasema. "Mimi sijui hata pa kuanzia."

"Legeza nati hii. Povu likiisha, kaza. Halafu ile inayofuata."

Akalegeza huku amekunja uso, dizeli ikimchuruzika hadi kwenye viwiko. Akakaza. Akazungusha mkono wa kuwashia mara ya kwanza, mara ya pili, na injini ikanguruma. Akapiga kigelegele, akina mama wa foleni wakamjibu, na mimi nikatafuta pa kukaa, nikamwacha asage.