Viti Viwili vya Kisasa

Mnisamehe mapema, kisa hiki nitakiharibu. Nilizoea kuchekesha jukwaani kwa mikono na macho, na gazeti halina vyote viwili.

Juzi nilikuwa Kihesa, Iringa, kwenye duka la mapazia. Mtaalamu wa kupamba nyumba, suruali imembana kama ina kinyongo naye, alikuwa akimhudumia mama mmoja. Alimwonyesha picha za sebule kwenye simu, na kwa kila picha mama alijibu, "Nzuri, mwanangu." Wenyeji mnajua, huku kwetu mtu haambiwi usoni kwamba kazi yake mbaya. Mtaalamu wetu, msomi wa watu, akaandika kila "nzuri" kama oda.

"Basi mama, nimekuelewa kabisa. Wewe unapenda viti viwili tu, sebule ipate hewa."

Mama akajifunga upya kanga, taratibu. "Nzuri. Ila Alhamisi ni zamu yangu, jumuiya ya kanisa inasali kwangu, watu ishirini na tano. Watakalia hiyo hewa?"

Mtaalamu akanigeukia. "Mzee, hebu msaidie mama. Si ndio mtindo wa kisasa?"

Kiherehere kikanipanda. Nikakohoa kidogo, nikasema, "Viti viwili vinatosha sana, mama. Hata kwangu viko hivyohivyo."

Mama akanitazama kwa huruma. "Na jumuiya ikija kwako, baba, inakaa wapi?"

Nikageukia mapazia. Zamu yangu ya kuipokea jumuiya ikikaribia, mimi huwa nina safari ya Mbeya.