Asiogeshwe Mpaka Mama Yake Arudi

Kiwandani walimwita Kola, na jina likamkaa. Tangu aajiriwe alikuwa akishona kola za mashati ya shule, kola tupu, shati zima hakuligusa. Mwingine alishona mikono, mwingine mifuko, na rafiki yake wa meza ya jirani alikaza vifungo, naye kwa hiyo akaitwa Vifungo. Kola alikuwa na mkono mwepesi. Kola yake ilisimama yenyewe, ncha mbili sawasawa, na msimamizi akipata mgeni wa kumringia, kwanza humpitisha kwenye cherehani ile.

Nyumbani alikuwa Mama Babu. Mwanawe wa kiume, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametimiza miaka mitatu, alipewa jina la marehemu babu yake mzaa baba. Sasa mkwe gani atalitamka jina la baba mkwe wake huku akimfokea mtu ashuke juu ya meza? Basi kila mtu akamwita Babu. Bibi yake peke yake ndiye aliyemwita vingine. Yeye alimwita "mume wangu".

Bibi huyo, mama mkwe wa Kola, ndiye aliyelea. Kola alitoka asubuhi mtoto bado anakoroma, na jioni alimkuta amekwisha kamilika: ameoga, amepakwa mafuta mpaka magoti yanang'aa, amekula, amevaa ya kulalia, macho mazito. Alikabidhiwa mtoto kama anavyokabidhiwa mteja shati lililopigwa pasi na kukunjwa. Alimbeba, akamnusa shingoni, akasikia harufu ya sabuni, na kabla hajavua viatu mtoto alikuwa amesinzia begani. Umama wake wa siku ulianzia hapo na kuishia hapo hapo.

Na angelalamika nini? Wenzake kiwandani waliwaachia watoto wasichana wa kazi waliobadilika kila kukicha. Yeye alikuwa na mwanamke aliyelea wanawe mwenyewe na wa ndugu zake, ambaye shuka zake zilikuwa nyeupe pe na vitambaa vya jikoni alivipiga pasi. Majirani walisema, "Mtoto wa nyumba ile hata nzi akimtua anateleza." Bibi akisikia hivyo hujifanya hakusikia, kisha huomba maneno yarudiwe.

Jumapili moja bibi alikwenda kumtazama ndugu yake mgonjwa, na Kola akabaki na mtoto kutwa nzima. Jioni akaweka beseni uani, akachanganya maji, akayajaribu kwa kiwiko, akaanza na kichwa. Babu akamshika mkono.

"Siyo hivyo."

"Siyo hivyo nini?"

"Unaanza miguu. Unauliza, mguu huu wa nani? Mimi nasema wa jirani. Unasema, basi tumrudishie. Halafu tunacheka."

"Haya. Mguu huu wa nani?"

Mtoto akamtazama usoni, maji yakimchuruzika, akapima.

"Wewe hujui," akasema, bila ubaya wowote, kama fundi anavyomwambia mwanafunzi. "Tumngoje Bibi."

Kola alicheka, akamaliza kumwogesha vivyo hivyo. Lakini kesho yake, cherehani zikinguruma, alimsimulia Vifungo huku akifuta macho kwa ncha ya kola.

"Sasa unalia nini?" Vifungo alikata uzi kwa meno. "Mtoto mzima, ana bibi, ana mashavu. Wangu mimi analelewa na televisheni."

"Silii. Ila mwenzangu, mimi mwanangu namjua kama wanunuzi wanavyoijua kola yangu. Naletewa imekwisha shonwa."

Vifungo akafikiri mpaka vifungo viwili vikapita.

"Basi omba kipande chako. Humu ndani kila mtu si ana kipande? Omba kuogesha. Mengine yote mwachie mama mkwe, lakini mtoto asiogeshwe mpaka wewe urudi."

Ushauri ulikuwa mzuri. Kazi ilikuwa kuusema. Unaanzaje kumwambia mama wa namna ile aache kumsafisha mjukuu wake? Kola akafuata njia wanayoifuata wakwe wengi wenye adabu, akamtuma mume. Mume wake alikuwa fundi rangi, mtu mpole, wa maneno machache, na hayo machache huyapanga vibaya. Usiku Kola alimfundisha kama anayemfundisha mtoto shairi: "Mwambie Mama, mke wangu anakushukuru sana, ila anaomba, kama si usumbufu, kuogesha kwa jioni umwachie yeye, apate muda na mtoto."

"Nimeelewa," mume akasema.

Asubuhi, akifunga kamba za viatu mlangoni, akaufikisha ujumbe. "Mama, mtoto usimwogeshe tena. Mama yake hataki." Akachukua ndoo yake ya rangi akaenda zake.

Jioni Kola alirudi karibu mbio. Babu alikuwa kizingitini, matope mpaka masikioni, uji umemkaukia kidevuni, kamasi zimechora barabara mbili. Bibi alikuwa kitini, mikono kifuani.

"Habari za kutwa, Mama?"

"Njema. Mzigo wako huo hapo."

Kola alidhani ni utani. Alimwogesha Babu mpaka maji yakawa rangi ya chai, akamsugua, akamuuliza miguu ni ya nani mpaka mtoto akachoka kucheka. Alilala na furaha. Siku ya pili mtoto alikuwa na masizi. Siku ya tatu alikuwa amejimwagia mafuta ya kula, kisha akajigaragaza kwenye mchanga, na kutwa nzima hakuna aliyemfuta hata pua.

Siku hiyo Kola alipokaribia nyumba alisikia sauti ya jirani wa mbele, yule ambaye salamu yake tu ilikuwa na mwiba.

"Mama, maji yamekatika kwenu?"

"Maji yapo," bibi akajibu.

"Au kiuno kinakusumbua?"

"Kiuno kizima. Nimeambiwa nisimguse mtoto wa watu."

"Mtoto wa watu! Na huyu si mume wako?"

"Tumeachana."

Jirani akacheka mpaka akashika ukuta. Kola hakucheka.  Aliingia, akaogesha, akamngoja mumewe arudi.

"Ulimwambiaje Mama?"

"Kama ulivyonituma."

"Hebu rudia."

Akarudia. Kola akashika kichwa.

"Na shukrani je? Na 'anaomba' je? Na 'kama si usumbufu'?"

"Nilifupisha. Nilikuwa nachelewa."

Mama mkwe alikuwa jikoni akichagua mchele. Kola akaketi kwenye kigoda, chini kidogo kuliko yeye, naye akaanza kuchagua upande wake wa ungo. 

"Mama, nisamehe. Yule hakusema nilichomtuma."

"Alisema hutaki. Mimi nimeogesha watoto mpaka nimesahau idadi, na hakuna hata mmoja aliyebabuka. Kama mkono wangu sasa mbaya, ningeambiwa tu."

"Mkono wako si mbaya, Mama. Wangu ndio mtoto hajaujua." Kola aliendelea kuangalia mchele. "Siku ile ulipokwenda kwa mgonjwa, aliniambia sijui. Aliniambia tukungoje. Mama, mwanangu namwona amelala, na akiamka nimeondoka. Nilitaka kitu kimoja tu cha kutwa kiwe changu. Nikasema, labda kuogesha."

Bibi akatoa kijiwe, akakitupa mbali kuliko ilivyohitajika.

"Mbona hukuja mwenyewe?"

"Nilikuogopa."

"Unaniogopa mimi, halafu unamtuma yule? Yule nilimtuma chumvi akarudi na kiberiti." Akacheka kwanza yeye. "Ningemfuta pua walau, lakini nilikuwa na hasira. Maskini mume wangu, ameteseka kwa ajili ya midomo ya watu wawili."

Wakapatana. Pua, mikono na chakula vya bibi. Beseni la Kola. Bibi akasema ahadi ni ahadi, asije mtu kesho akambadilikia. Kukawa na jioni nyingi nzuri, na Babu, ambaye zamani alikuwa akisinzia mapema, akaanza kukaa kwenye ngazi akichungulia njia, akiwatangazia wapita njia wote kwamba yeye ni mchafu na mama yake anakuja.

Kisha msimu ukafika. Shule zilikaribia kufunguliwa, oda za sare zikamwagika, na msimamizi akasimama katikati ya ukumbi na kupiga makofi.

"Kuanzia leo tunabaki mpaka mzigo wa siku uishe. Asiyeweza aseme sasa, nimpeleke kwenye kukata nyuzi, nimlete mwingine."

Kola akamfuata pembeni. "Mimi nina mtoto mdogo."

"Na mimi ninao," msimamizi akasema, wala hakusema kwa ukali. "Wa kwangu sijamwona akiwa macho wiki hii. Chagua."

Kukata nyuzi kulikuwa kazi ya wanaoanza. Unasimama kutwa na mkasi, na msimu ukipita wa kwanza kuambiwa abaki nyumbani ni mkata nyuzi. Kola akaitazama cherehani yake, kiti alichokizoea, ile kola iliyokuwa imebaki nusu chini ya sindano. Akarudi akaketi. Alijua anachokiacha. Akaazima dakika moja akampigia simu mama mkwe, safari hii mwenyewe.

"Mama, leo nimebanwa, na si leo tu. Mwogeshe tu."

"Nimesikia," bibi akasema, akakata.

Alipofika nyumbani taa zilikuwa zimewashwa, na sebuleni kulikuwa na wageni, wanawake wa chama cha bibi, wamevaa wakapendeza, na jirani wa mbele akiwa katikati yao. Babu alikuwa amelala mapajani mwa bibi, miguu ya udongo imekaa juu ya kanga mpya, shavu lina alama ya mkaa.

"Umeona maajabu?" jirani akamwambia Kola kabla hajasalimia. "Tumemwambia huyu mama amwogeshe mtoto, watu tumekuja, amekataa katakata!"

"Kuna mwenye kazi hiyo," bibi akasema, wala hakushusha sauti. "Ninyi mmekuja kunitazama mimi au kutazama magoti ya mume wangu?"

Wageni walipoondoka Kola akapiga magoti pembeni ya kiti. "Mama, si nilikuambia umwogeshe? Umejiaibisha bure."

"Uliniambia nikasikia. Sikusema nitafanya." Bibi alimwondoa mtoto udongo wa kisigino, taratibu. "Leo nikimwogesha, kesho utapiga simu tena. Keshokutwa hutapiga, utajua nimeshafanya. Nami zamani nilikuwa nikiuza vitambaa sokoni, dada yangu ndiye aliyekuwa akimwogesha mume wako alipokuwa mdogo. Mpaka leo kichwa kikimuuma anampigia yeye kwanza. Kesho yake ndiyo nasikia mimi."

 Kola akanyoosha mikono amwamshe mtoto, bibi akampiga kidogo kwenye kiganja.

"Aliyelala kalala. Leta kanga kuukuu ile ya nyuma ya mlango, nitandike juu ya shuka zangu."

Kwa hiyo Babu akalala mchafu, kwenye kitanda cha mwanamke aliyekuwa hawezi kustahimili doa la chai.

Alfajiri Kola aliamshwa kwa kuvutwa kidole gumba cha mguu.

"Amka. Kiwanda chako kinabana jioni. Asubuhi hakijaamka. Maji yako jikoni."

Kola akainuka, kichwa kizito. Uani kulikuwa na ubaridi na mwanga wa kijivu. Babu aliletwa amefungwa kanga, jicho moja limefunguka, akavuliwa, akaingizwa kwenye beseni, akapiga kelele nyumba tatu zikasikia. Kola alimwogesha huku akicheka. Mtoto alimtukana kwa matusi yote aliyoyajua, ambayo yalikuwa mawili. Kisha maji ya moto yakaanza kumpendeza, akanyamaza, akashika sikio la mama yake kwa mkono wenye povu, akauliza mambo ambayo jioni hakuwahi kuyauliza: mbona jua limechelewa, kuku anajuaje, na kazini kwake kuna nini. Kola akamweleza. Alimwonyesha kwa vidole viwili jinsi ncha za kola zinavyosimama, na mtoto akajaribu na vidole vyake, akakosea, akajaribu tena.

Bibi hakuja uani. Alikaa jikoni akijifanya anachochea uji ambao ulikuwa umeiva zamani.

Kola alipomtoa mtoto nje ya maji, mikono yake ya gauni ilikuwa imelowa mpaka kwenye viwiko, na muda ulikuwa umekwisha. Akamkabidhi Babu, safi na mwenye njaa, akatafuta mkoba.

"Nenda, utachelewa," bibi akamwambia, mtoto kiunoni. "Kesho tena wakati huu huu, mpaka msimu upite, nasi usiku tutalala na udongo wetu. Na jioni usije mbio njiani kama mtu aliyeiba. Hakuna anayekungoja uchi."

Kola akatoka. Njia nzima alinukia sabuni ya mtoto, na hakukausha mikono ile ya gauni mpaka ilipokauka yenyewe kwenye cherehani.