Hitima Ambayo Hatukuisoma

Alikuja kwangu Mbagala na mfuko mmoja wa salfeti na simu ya kitochi. Kikundi chetu cha akina mama wa msikitini kilikuwa kikiwapokea waliokimbia vita ng'ambo ya Ruvuma, tukiwatafutia nguo, unga na mahali pa kulala. Mimi nilikuwa na chumba. Mume wangu alishafariki, na watoto wako mbali, kila mmoja na majukumu yake. Ilipoulizwa nani atamchukua mwanamke mmoja asiye na mtoto, niliinua mkono kabla sijafikiri. Nilisema ni kwa ajili ya Mungu, na ilikuwa hivyo. Pia nilikuwa nimechoka kula peke yangu.

Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya kwao, lakini tulielewana. Habari zake alinieleza mara moja tu. Kijiji kilivamiwa watu wakianika dagaa. Yeye alikimbilia kwenye mikoko, mumewe akarudi nyumbani kumchukua mama yake mzee. Tangu hapo hakuwaona tena. Hakuona maiti, wala hakukutana na mtu aliyeiona. Simu ile haikumtoka mkononi, kwa kuwa mumewe aliijua namba yake kwa kichwa.

Wenzangu walimhurumia. Ijumaa moja baada ya swala walikuja kwangu na jamvi, maandazi na nguo nyeupe za eda. Walitandika uani wakagawana juzuu. Mwenyewe alikuwa bombani. Aliporudi na ndoo kichwani, alikuta watu wanampa pole.

"Mnamsomea nani?" akauliza.

"Mumeo, mwanangu," akajibu mwenyekiti wetu, muuza samaki mwenye sauti ya kufika mtaa wa pili, ila siku hiyo aliishusha. "Ukae eda, ulie, moyo upoe. Sie tutakupikia."

Akatua ndoo. "Nani kamwona amekufa?"

Akaingia ndani kwa kuambaa ukuta, asikanyage jamvi.

Niliwaomba wafunge juzuu. Marehemu baba yangu ndiye aliyenisomesha chuo cha Kurani, hata wenzangu huniita Mwalimu, na jambo hili alilirudia sana: mke wa aliyepotea ni mke wa mtu mpaka habari ije, na yakini haiondolewi na shaka. Nikawaambia hivyo.

"Mwalimu, na wewe na vitabu vyako," akasema mwenyekiti. "Mtu ana macho makavu tangu afike. Atapasuka."

"Na huyo mume akitokea, akute tumeshakula maandazi ya hitima yake?"

"Maandazi yenyewe magumu haya," akasema mwingine, "atatushukuru kwa kumpunguzia."

Wakacheka kidogo, kwa haya. Wakalikunja jamvi, wakaliegemeza ukumbini kwangu, wakaniachia na zile nguo nyeupe, wakaenda zao.

Kilichofuata ndicho kilichoniuma. Nilipokaa eda yangu mimi, nyumba haikukauka watu. Huyu na sufuria ya uji, yule na umbea wa sokoni. Siku niliyotoka eda, nao wakatoka. Huyu mgeni wangu hakuwa na eda, kwa hiyo hakuwa na wa kuja kumkalia. Unga uliletwa, ukaachwa mlangoni na salamu. Sikuwalaumu. Mfiwa tunajua la kumwambia. Anayesubiri, mtu anasimama mlangoni pake anakosa neno.

Tukabaki wawili. Baada ya Magharibi tuliketi barazani, mie na tasbihi yangu, yeye na simu yake, muziki wa jirani ukitupigia bila kutuuliza.

"Bibi," aliniambia siku moja, "wewe ulijuaje kama mumeo amekufa?"

"Nilikuwa nimemshika mkono. Humu ndani."

"Basi una bahati."

Nilikuwa mjane muda mrefu, na hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Nikasema alhamdulillahi, na kwa mara ya kwanza niliisema kwa ajili ya kifo kile.

Simu ililia baada ya Alasiri, nikipepeta mchele. Alikuwa wifi yake. Mume yu hai, yuko kwa ndugu katika mji wa kusini zaidi, ana jeraha la mkono. Mama mkwe alikufa; mumewe hakumwahi. Mgeni wangu hakupiga kelele. Alikata simu, akaniangalia.

"Bibi, nitandikie lile jamvi."

Nikalitandika. Akaketi katikati yake akalia, kilio kilichokuwa kimekaa kifuani siku zote, akimlilia mama mkwe na mume aliye hai kwa pamoja. Wanawake wakasikia, wakaja, nyumba ikajaa tena. Walimchangia nauli. Nguo nyeupe nikazitia sandukuni. Asubuhi nilimsindikiza stendi. "Nikifika nitapiga, Bibi," alisema dirishani.

Jamvi sikulikunja. Nimekuwa nikiketi juu yake kuvuta uradi mpaka jana, mwenyekiti alipokuja kulichukua. Kuna msiba nyuma ya msikiti.

"Mwanao kafika?" akaniuliza.

"Hajapiga."

Akasimama na jamvi begani, akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akasema wanamsubiri msibani, akaondoka.

Nimeichaji simu yangu na kuiongeza sauti. Njia ni ndefu, na kuvuka mto ni shida. Ninalolijua kwa yakini ni kwamba aliondoka hapa akiwa mzima, akinipungia mkono. Sijaambiwa jingine. Usiku ninapoomba, namtaja pamoja na walio hai.