Siku Lualaba Mobimba Ilipokwama Kimara

Demetria aliolewa na mwanamume mmoja, akajikuta anaishi na bendi nzima. Mumewe Gaspar, karani wa halmashauri, mtu wa Muleba aliyekulia migombani, hajawahi kuvuka mpaka wa Kongo hata kwa kupotea njia. Lakini ukimsikia anavyoizungumzia Lualaba Mobimba, bendi ya huko, ungedhani alinyonya ziwa moja na wanamuziki wake. Sebuleni kwao Kimara, picha ya Jenerali Mwinda, mwimbaji mkuu, imetundikwa juu ya picha ya harusi. Mtoto wao wa kwanza alibatizwa Fransis kwa kuwa padri alilikataa jina la Mwinda. Nyumbani akaitwa Mwinda vilevile, na Demetria, muuguzi wa zahanati mwenye akili zake timamu, akawa Mama Mwinda mtaa mzima.

Sasa Jumamosi moja, ndege iliyokuwa inaipeleka bendi hiyo Ulaya ikaharibika ilipotua Dar. Hoteli za mjini zilikuwa zimejaa wageni wa mkutano, kwa hiyo wanamuziki wakapakiwa kwenye basi dogo wakaletwa gesti ya Masoud, Kimara Temboni, wangoje hadi kesho yake. Ni gesti ambayo maji hutoka yakijisikia. Wageni hawajavua viatu, habari zilishafika kwenye kundi la wasap la wapenzi wa bendi, ambalo mwenyekiti wake, bila shaka, ni Gaspar.

Demetria alikuwa anatoka zamu simu ilipoita.

"Mama Mwinda, pika ndizi na nyama, sufuria kubwa," Gaspar alisema. "Jenerali yupo hapa. Nimemwona kwa macho yangu anapiga mswaki."

"Kwani alikuwa hapigi?"

Gaspar alishakata simu.

Demetria alipika. Hakupika kwa mapenzi, alipika kwa sababu asipopika angesimangwa mwaka mzima. Alipofika na sufuria yake gesti, alikuta mambo. Masoud, ambaye wiki iliyopita hakuwa anaijua hata herufi ya kwanza ya bendi hiyo, amesimama getini anawaambia watu kwamba marehemu baba yake alikuwa rafiki wa familia ya Jenerali. Loveness, mwalimu wa sekondari anayewachapa wanafunzi kwa kuchelewa, ameacha masomo ya ziada ya kidato cha nne na sasa analia machozi ya kweli akiwa ameshika taulo ambalo mtu kamwambia ni la Jenerali. Na Gaspar mwenyewe yuko katikati ya ua, kavaa suti ya rangi ya embe bivu iliyombana kwapani, viatu vimechongoka mbele kama vya kuchokolea panya, anamhutubia Jenerali kwa Kilingala alichojifunza kwenye kanda.

Jenerali alikuwa mtu mfupi mwenye kitambi na macho mekundu. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa Kiswahili safi, "Braza, mie nimekulia Lubumbashi. Sema tu Kiswahili."

Watu wakapiga makofi. Walimshangilia Jenerali kwa kujua Kiswahili, Demetria akaangalia pembeni kwa aibu asiyostahili kuibeba yeye.

Hapo pembeni ndipo alipomwona mzee mmoja amekaa juu ya sanduku la vyombo vya muziki. Mwembamba, shati limemlegea, chupa tupu za maji zimezagaa miguuni pake naye anamalizia nyingine. Kila aliyetaka picha na Jenerali alimkabidhi mzee huyo simu, kwa kuwa alikuwa amekaa tu na hakuna aliyekuwa na haja naye. Mzee anapiga, anarudisha, anakunywa maji, anapokea nyingine.

"Mzee, hebu tupige tena, hiyo umenikata kichwa," Gaspar alimwambia bila kumtazama usoni.

Mzee akajaribu kuinuka. Magoti yakakataa, akarudi chini kama gunia.

Demetria aliweka sufuria na kuchutama mbele yake. "Shikamoo baba."

"Marahaba, mama."

"Unaumwa?"

"Niko na kiu mingi tu. Nina sukari, na sindano yangu imebaki mu mizigo, kule uwanja wa ndege. Tangu jana sijajichoma."

Pumzi yake ilinuka kama tunda lililooza. Demetria hakuhitaji kuuliza zaidi. Aliita bajaji iliyokuwa getini, na dereva, ambaye naye alikuwa ameparamia ukuta kumtazama Jenerali, alikubali kushuka alipotishiwa kwamba mtu akifa, jina lake litatajwa.

Zahanatini kifaa cha kupimia kilishindwa hata kutoa namba, kikaandika tu kwamba sukari imepanda kupita kiasi. Alimwita daktari, wakamtundikia dripu, wakaanza kumchoma insulini kidogo kidogo. Mzee alipoanza kupata nafuu alisema anaitwa Ilunga. Yeye ndiye mpiga dramu wa Lualaba Mobimba, na ndiye aliyeianzisha bendi hiyo wakati Jenerali akiwa bado anabeba spika.

Demetria akafikiria zile sauti alizolazimishwa kuzisikia kila Jumapili tangu aolewe. Kumbe mikono yenyewe ndiyo hii, iliyokonda, ina dripu.

"Wimbo gani unapenda?" mzee akauliza.

"Baba, siwezi kukudanganya. Sipendi hata mmoja."

Ilunga alicheka hadi mrija wa dripu ukatikisika. "Hata mimi nimezichoka, mama. Zote."

Simu ikaita. Alikuwa Gaspar. "Umeenda wapi? Jenerali anaulizia pilipili."

"Niko na mpiga dramu wake. Anaumwa sana."

"Mpiga dramu yupi?"

"Yule uliyemfokea kwa kukukata kichwa."

Gaspar akakata simu. Baadaye kidogo meneja wa bendi alimpigia Demetria, akauliza jambo moja tu: mzee ataweza kusafiri kesho, au watafute mtu mwingine huko Ulaya. Demetria alimjibu kwamba amuulize daktari, maana alichotaka kumjibu yeye kisingefaa kusemwa zahanatini.

Asubuhi mizigo ilipatikana, Ilunga akatembea mwenyewe hadi kwenye basi. Alimshika Demetria mkono, akashukuru, akaondoka. Jenerali alikuwa amelala kiti cha mbele, kofia usoni.

Demetria alitegemea mumewe angeona haya. Alingoja siku ile, akangoja na iliyofuata. Jumapili iliyofuata Gaspar alikusanya wapenzi wa bendi sebuleni, akasimama chini ya ile picha.

"Nyie mnaongea tu," akawaambia. "Sie familia yetu ndiyo iliyomwokoa Ilunga. Nilipomwona tu nikajua huyu siyo mzima, nikamwambia Mama Mwinda, chukua huyu mtu haraka."

Wote wakageuka kumtazama Demetria kwa heshima. Loveness alikuwa na lile taulo begani.

Demetria alikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Aliliweka mezani, akamwambia mumewe chai iko jikoni, ajimiminie yeye na wenzake, akachukua mtandio akaenda kwa jirani.