Ushuhuda wa Mama

Mimi sisali. Niliacha zamani, na Buyenzi nzima inajua, maana mtaani kwetu ukikosekana msikitini Ijumaa mbili tatu watu wanakuja kukuuliza unaumwa nini. Mama anasali kwa niaba yetu wote wawili na hatugombani. Imani ya mtu hainisumbui kabisa. Ila asubuhi ile bado inanichoma.

Pumu ilimbana Mama vibaya, midomo ikabadilika rangi. Nikamkimbiza kituo cha afya, cha serikali, si cha kanisa lolote. Wauguzi wote walikuwa ndani ya chumba cha mikutano, wamefunga mlango, wanaimba. Mlinzi akaniambia bila haya, "Ngojea kidogo, bado wako mu sala." Nikataka kuupiga mlango ule teke. Mama, ambaye hata kuongea alishindwa, akanikamata mkono akatikisa kichwa. Basi tukakaa kwenye benchi, mimi nampepea na kipande cha boksi kama mjinga, wao wanaongeza ubeti. Walipotoka, wanatabasamu, wakamvalisha barakoa ya dawa ya mvuke, na haukupita muda kifua kikafunguka. Dawa ilikuwa kabatini muda wote.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Asubuhi iliyofuata, Mama bado amelazwa, muuguzi mkuu akaja kuniita nikatoe ushuhuda kwenye sala yao. Nikamwambia Mama siendi ng'o.

"Enda, mwanangu," akasema. "Bado niko mu mikono yao. Useme asante, urudi."

Nikaenda. Nikasema asante, meno yameumana. Muuguzi mkuu akadakia: mumeona, hata Waislamu wanajua kwamba wimbo wetu ndio ulimrudishia mama huyu pumzi. Wakapiga makofi. Sikumpinga, maana ni wao waliokuwa na ufunguo wa kabati.

Niliporudi kitandani, Mama akataka kujua wamesema nini. Nikamwambia yote.

"Pumzi yangu imerudishwa na nini?"

"Na wimbo wao."

Akasukuma shuka pembeni, akateremsha miguu. "Nipe kitenge yangu."

"Mama, si ulisema uko mikononi mwao?"

"Nilisema. Nipe kitenge."

Nikamshika kiwiko, tukatembea polepole, anasimama kila mara apumue. Mlango akausukuma mwenyewe. Wimbo ukakatika, wote wakageuka kumtazama, muuguzi mkuu akaanza kufurahi.

"Mi ndiye ule mugonjwa wa jana," Mama akasema, anatweta. "Na mi nilikuwa naomba, hapo inje. Nilikuwa naomba Mungu awanyamazishe."