Hodi Katika Mji wa Karmadi

Harufu ya hiliki na kaimati zinazokaangwa hunirudisha hadi leo kwenye Ramadhani ile, nilipokuwa na miaka kumi, nyumbani kwa ami yangu, mtaa wa Kiponda. Baada ya alasiri vichochoro vilikuwa vimelala, na sisi watoto tumejipanga mkekani mbele ya televisheni, tunaisubiri magharibi tukiwa ndani ya mji mwingine kabisa. Mji huo ukiitwa Karmadi. Ni mji wa kwenye gemu, haumo katika ramani yoyote ya dunia, lakini sisi tukiujua kuliko tulivyoijua Bububu: kuta nyeupe, ngazi za mawe, nyumba zilizoachwa milango wazi, na juu kabisa mnara usio na taa. Kazi ya mchezaji ni kubeba kandili kutoka lango la chini na kuifikisha mnarani kabla mafuta hayajaisha. Hakuna kati yetu aliyewahi kufika. Wote walishika barabara kuu, na wote kandili iliwazimikia njiani.

Mwenye rimoti ya kuchezea alikuwa Salum, mtoto mkubwa wa ami. Mimi nilikuwa mtu wa kutazama tu. Nilikuwa na haya mno. Nikiitwa, hata "naam" haikunitoka, na Salum alizowea kusema kwamba mimi nimezaliwa pamoja na mkeka. Siku moja akatangaza kuwa atakayewasha mnara ndiye atakayeshika rimoti Sikukuu nzima. Sijui ujasiri niliutoa wapi, nikasema nataka. Wakacheka. Akanipa zamu moja, kwa sharti kwamba nikishindwa nisiiombe tena.

Nikaipokea rimoti kwa haya zangu zote. Lakini nilikuwa na kitu ambacho wenzangu hawakuwa nacho. Kila siku mama alinituma kupeleka sahani za futari kwa majirani, zimefunikwa kawa, nami nikajifunza kuwa msichana mwenye sahani hazunguki mtaa. Anaingia kwa mlango wa mbele, anakatisha uani, anaacha sahani jikoni, anatokea kichochoro cha pili. Wavulana wangeyajulia wapi hayo? Wao huishia kizingitini, maana ndani mna wake za watu. Hata Karmadi walikuwa wakiipita ile milango iliyo wazi kwa adabu ile ile, bila ya kuambiwa na mtu.

Nikamsimamisha mtu wangu mbele ya nyumba ya kwanza. Kuingia hivi hivi nikashindwa. Nikasema, kwa sauti ndogo, hodi.

"Unampigia nani hodi, wewe?" Salum akaniuliza, mbavu hana. "Mle hamna mtu."

Nikarudia, safari hii kwa sauti ambayo sikujua kuwa ninayo.

"Karibu, pita ndani," akaitikia mke wa ami kutoka jikoni, akidhani mgeni kaja.

Nikapita. Uani palikuwa na kisima, nyuma ya kisima mlango mdogo, na nje ya mlango ngazi ambazo hakuna aliyewahi kuziona. Nyumba ya pili, hodi. Ya tatu, watoto wote wakapiga hodi pamoja nami, na mke wa ami kashajua mchezo, kasimama mlangoni na unga mikononi, anatukaribisha huku anacheka. Tulipofika mnarani kandili ilikuwa bado inawaka. Mnara ukawaka, Karmadi yote ikageuka dhahabu. "Kimya kingi kina mshindo mkuu," akasema mke wa ami, akarudi kwenye kaimati zake. Salum alinyanyuka kwenye mto wake, akaukung'uta, akaniwekea mimi.

Sikukuu ile nilishika rimoti nikiwa na gauni langu jipya na hina mpaka kwenye viwiko. Sasa niko kidato cha tatu, na miji ya gemu za siku hizi ni mikubwa, ina mistari ya kung'aa inayokuonyesha pa kupita. Mimi huizima. Haya bado ninayo, haikwenda popote. Ila nikiona mlango uko wazi, napiga hodi. Na nisipoitikiwa, narudia kwa sauti kubwa zaidi.