Kahawa Iliyopoa Nyumbani kwa Haji Mutlaq

Wifi yangu Wadha ana ugonjwa mmoja: hawezi kuona dhuluma akapita kimya. Wengine wakiona jambo baya hutikisa kichwa, wakasema "Mungu yupo," wakaenda zao kupika. Wadha huvaa viatu vya kutokea. Nikiona amevaa vile viatu vyake vyeusi natafuta pa kujificha, maana mtu wa kwanza kuburutwa ni mimi.

Kazi yake ni kutengeneza maziwa makavu. Kila msimu kondoo wanapokuwa na maziwa tele, utamkuta juu ya paa akifinyanga madonge meupe na kuyaanika juani. Hakuna harusi wala matanga katika kijiji chetu, hapa juu ya mji wa Karak, ambako mansaf, wali wetu wa nyama ya kondoo, inapikwa bila madonge ya Wadha, kwa hiyo hakuna jiko asilolijua. Na jikoni ndiko kwenye habari. Alisikia barabara ya shule ina madereva vichaa, akaenda kukaa katikati yake na kiti cha plastiki siku nne mpaka tukawekewa matuta. Madereva walimtukana, yeye akawamiminia chai. Alisikia dada watatu wamesainishwa kuuacha urithi wao bila kusomewa karatasi, akawapeleka mahakamani mwenyewe. Kaka zao mpaka leo wanamwita Hakimu, na wanaponunua madonge wanalipa bila kubishana.

Lakini donda lake lilikuwa Sabha, rafiki yake wa tangu utoto.

Miaka sita nyuma, kwenye harusi moja, kijana alifyatua bastola hewani kwa furaha, kama wafanyavyo wajinga wote. Risasi ikamvunja mguu Jazi, mtoto wa Haji Mutlaq. Mfyatuaji akafungwa, haki yake. Ila kwa mila yetu ukoo wake wote ulitakiwa uhame, mpaka hasira za watu zipoe. Sabha ni mjane wa ami yake yule kijana. Hakushika bastola, hata kisu cha kuchinjia kuku humtetemesha. Akafunga nyumba yake, akamchukua binti yake Hind, wakaenda kupanga mji wa mbali, Zarqa, chumba juu ya gereji. Mfyatuaji kashatoka jela siku nyingi. Jazi kapona, ana mke na watoto watatu, anachechemea kidogo tu baridi ikizidi. Sabha yuko vilevile juu ya gereji. Hiyo ni haki gani, jamani?

Wazee wetu walikwenda kumwomba Haji Mutlaq mara mbili awaruhusu kurudi. Kwetu ujumbe wa suluhu ukifika hupewa kahawa chungu, na mkubwa wao huweka kikombe chini. Hanywi mpaka mwenyeji aseme, "Kunyweni, mlilolijia mmelipata." Kahawa ya mgeni ikipoa haijanywewa, hiyo nyumba imeaibika mpaka kwa wajukuu. Basi mara zote mbili Haji alisema, "Kunyweni, nimewapa. Watarudi mwaka ujao." Na wazee wetu, Mungu awahifadhi, wakanywa! Wakarudi wakitembea kifua mbele, na mwaka ujao haukufika.

Kisha Hind akaposwa. Sabha alipiga simu siku hiyohiyo, nami niliyasikia yote.

"Wadha, mwanangu bibi harusi atatolewa juu ya gereji," alisema. "Chini watu wanamwaga oili. Baba yake ile nyumba aliijenga tofali kwa tofali, akasema binti yangu atatokea mlango huu. Zimebaki wiki tatu." Halafu akalia. Na mimi nikalia, sioni haya kusema.

Wadha hakulia. Nikasikia viatu.

Asubuhi yake tulikuwa wanawake kumi na mmoja kwenye ua wake. Ujumbe wa wanawake! Hata mama yangu hajawahi kusikia. Mkubwa wetu alikuwa Bi Mizna, umri wake anaujua Mungu, maana hakuna mwanamume kijijini anayeweza kumfungia mlango: nusu yao aliwapokea yeye walipozaliwa.

"Bi Mizna," Wadha akamkumbusha, "kahawa huinywi."

"Siinywi."

"Hata tone."

"Wee mtoto, mimi nimeona suluhu baba yako hajazaliwa. Unanifundisha mimi kahawa?"

Tukaenda. Mke wa Haji, Mama Jazi, alitukaribisha upande wa wanawake, akatumiminia kahawa. Bi Mizna akaweka kikombe chini. Tukaweka na sisi kumi tuliobaki, tak, tak, tak. Mama Jazi akabaki na birika mkononi, macho yamemtoka.

Sauti ya Haji ikatoka chumba cha pili. "Mama Jazi! Wanataka nini hao?"

"Wameweka vikombe chini."

"Wameweka nini?"

"Vikombe."

"Waambie ujumbe ni wa wanaume! Wanywe waende zao, wana nyumba za kufagia!"

Wadha akasogea kwenye pazia. "Haji, sisi ni wageni au si wageni?"

Kisha, kwa shida: "Wageni."

"Basi tumekaa."

Na tulikaa kweli. Saa nne, saa tano, saa sita. Kahawa ikafanya utando. Goti langu likafa ganzi. Mama Jazi akapika, atafanyaje, ana wageni. Harufu ya kondoo ikaingia mpaka tumboni. Sinia likaletwa, hakuna aliyenyoosha mkono. Na mwenyeji naye, wageni wake hawajala, atalaje? Nikamsikia Haji akizunguka kule ndani, mara anakohoa, mara anafungua dirisha, mara analifunga. Jazi akarudi kutoka shamba ana njaa, akanyoosha mkono kwenye chungu, mama yake akampiga kwa mwiko.

"Kwani kuna msiba?" akauliza.

"Ndiyo," nikamwambia. "Wako, usipomwambia baba yako kitu."

Saa nane Haji hakuweza tena. Alikuja mlangoni, uso kaugeuzia pembeni kwa heshima.

"Mnaniona mimi katili," akasema. "Hamkusikia mwanangu alivyopiga kelele siku ile. Mimi naisikia mpaka leo. Sasa wale niwaone wanapita hapa mlangoni? Akioza samaki mmoja..."

"Watu si samaki, Haji," Wadha akamkata.

Wadha ana ulimi, mimi namjua, ila hilo lilikuwa kali na nikaogopa. Haji akageuka rangi. Nikasema moyoni basi, tumefukuzwa. Lakini aliyesema baada ya hapo alikuwa Mama Jazi, mwanamke ambaye miaka sita hatukumsikia akitamka jina la Sabha.

"Mimi nilisikia kelele hizohizo, nami ndiye niliyemzaa," akasema taratibu. "Wewe ulikimbilia bunduki. Nani alikimbilia mguu? Sabha. Kavua mtandio wake mbele za watu, kichwa wazi, kaufunga mguu wa mwanangu, kaushika mpaka hospitali. Daktari akasema bila ule mtandio damu ingekwisha. Jioni tukamwambia ahame. Na mimi nikanyamaza. Aibu yangu hiyo, Baba Jazi, nimeibeba peke yangu, nimechoka."

Jazi alikuwa kasimama na mkate mkononi, kausahau. Haji alitazama sakafu.

Na hapo hapo, fyoo!

Tukageuka. Bi Mizna, kikombe mdomoni, anakunywa kahawa. Machozi yalimjaa kwa maneno ya Mama Jazi, koo likakauka, mkono ukaenda wenyewe kama ulivyokwenda miaka themanini. Akatuona. Akakishusha kikombe pole pole, kitupu.

"Loo," akasema.

Haji akainua kichwa, nikaona anapata pa kutokea. "Mmekunywa!" akasema. "Mkubwa wenu kanywa, ombi limekwisha. Mila ni mila!"

Wanawake wakaanza kumlaumu Bi Mizna, mimi wa kwanza, Mungu anisamehe. Wadha akatunyamazisha kwa mkono.

"Haji," akauliza kwa adabu kabisa, "katika nyumba hii, tangu kwa babu yako, pamewahi kutokea mgeni aliyekunywa kahawa ya ombi kabla hajapewa alichokijia?"

"Hapajawahi!" Haji akajibu kwa fahari, kifua mbele. "Nyumba hii? Hapajawahi!"

"Basi na leo hapajawahi. Aliyekunywa keshapewa."

Haji akamtazama mke wake, akamtazama Bi Mizna aliyeshika kikombe kitupu kama mtoto aliyekamatwa na sukari.

"Baba," Jazi akasema, "mguu ni wangu. Nami nina njaa."

Kilichoanza ni bega la Haji. Nilidhani analia, na labda alikuwa analia, lakini kilichotoka ni kicheko. Akacheka mpaka akashika mlango. "Kunyweni," akasema alipopata pumzi. "Kunyweni, mmelipata. Wiki hii, si mwaka ujao. Na huyu Hakimu wenu mleteeni nyama, labda atanyamaza." Ile kahawa ilikuwa baridi na chungu ajabu, na wallahi sijapata kunywa tamu kama ile.

Sabha alirudi Alhamisi. Mama Jazi ndiye aliyemfagilia nyumba, na walivyokutana sitasema, hayo ni yao.

Siku ya harusi Haji Mutlaq alisimama langoni kwa Sabha na gunia la mchele, tupu. Kila kijana aliyefika alikaguliwa kiunoni. "Bastola humu, mwanangu. Utaichukua ukienda kwenu." Gunia lilijaa nusu, na furaha yote ilipigwa kwa vigelegele tu, hewa safi.

Hind alitokea mlango ule ule, vazi jeupe likikwaruza ukuta aliojenga baba yake. Magari yakawashwa. Nafasi ya mama wa bibi harusi tuliiacha gari la mbele, nikarudi kumwita Sabha. Alikuwa kasimama kizingitini, mkono kaushikiza kwenye fremu.

"Twende, shoga, wanakungoja wewe."

"Nendeni."

"Alaa! Mama mzima? Watu watasema nini?"

"Waseme," Sabha akajibu. "Mimi humu nilishatolewa mara moja. Leo nakaa."

Akavuta kiti, akakaa mlangoni mwake, akatupungia mkono mpaka tukakata kona.